Viatu Kichwani

Babu yangu alipanda jukwaani katikati ya igizo, akanitua viatu nilivyojitwika kichwani, akapiga magoti na kunivalisha miguuni.

Watu walicheka mpaka wengine wakajilaza kwenye mabua ya mpunga. Walidhani imo kwenye igizo.

Haikuwemo, ndugu zangu.

Naitwa Nitai, mchekeshaji wa kundi la maigizo kijijini kwetu, Bengali. Alasiri ile tulicheza komedi ya zamani inayojulikana na kila mtu kwetu. Kuna bwana mwenye mashamba, na kila akitokea, mwavuli wake umekuwa mkubwa zaidi. Mwishowe unabebwa na watu watatu, huku wakulima wake wakiungua jua.

Mimi ndiye mkulima anayepita mbele ya nyumba ya bwana viatu vikiwa kichwani. Enzi hizo maskini havai viatu mbele ya bwana.

Bishu, mkuu wa kundi, alinionya mapema: "Dhuluma usiihubiri, wewe. Wape mwavuli, wape viatu. Mwenye macho ataona."

Basi nikatamba! Nikayumba, viatu vikayumba, uwanja ukavunjika mbavu. Nikamtafuta Babu Haladhar mstari wa mbele. Ndiye aliyenilea, na siku ile nilitaka kitu kimoja tu, nimwone akicheka.

Mzee alikuwa analia.

Mara huyo, kapanda.

"Vaa," akasema. "Vaa twende nyumbani."

"Babu, shuka bwana! Unaniaibisha mbele za watu!"

Nikamsukuma. Kidogo tu, lakini nilimsukuma. Akashuka taratibu, watu wakimpigia makofi.

Asubuhi Bibi hakunipa chai.

"Unajua umemfanya nini mume wangu?"

"Lakini Bibi, yeye ndiye..."

"Nyamaza! Baba yake alinunua viatu vya kwanza maishani mwake, akapita amevivaa mbele ya nyumba ya bwana. Watu wa bwana wakamtwika vile viatu kichwani, wakamzungusha soko zima, watoto nyuma wanacheka. Babu yako alikuwa na miaka tisa."

"Masikini. Akalia?"

"Akacheka, Nitai. Wenzake walicheka, naye akacheka. Baba yake akageuka, akamwona."

Nikatoka mbio hivyo hivyo.

Nilimkuta kwenye magofu ya ile nyumba ya bwana, kwenye njia ya sokoni, ameinama anavua kandambili. Tangu utoto wangu nimemwona akizivua pale pale, nami nikidhani anaogopa tope.

Nikamwangukia miguuni.

"Nisamehe, Babu. Na usivue tena. Bwana alishakufa, nyumba imebaki matofali na mbuzi."

Akaniwekea mkono kichwani, pale pale vilipokuwa viatu.

"Simvulii bwana, mjukuu wangu. Namvulia baba."

Nikavua vyangu, tukapita pekupeku, yeye na mimi, tunalia kama watoto.

Igizo lile bado tunalicheza, na uwanja bado unacheka. Ila siku hizi nikiwa jukwaani namtafuta yule asiyecheka, na nikimwona, navitua viatu na kuvivaa mwenyewe. Bishu ananung'unika. Mwache anung'unike.

Nawaachia hili tu: watu wote wakicheka na mmoja akilia, muulize kwanza. Usimsukume kama mimi.