Maua ya Minji Chini ya Dirisha la Mama

Baba yangu hakuwa mtu wa maua. Alikuwa karani katika ghala la mahindi mjini Eldoret, mtu aliyehamia huku kutoka magharibi kutafuta kazi, na kila kipande cha ardhi alikiona kama chakula ambacho hakijapandwa. Kwa hivyo mwaka ule nikiwa darasa la tano, alipolima chini ya dirisha la chumba chao na kumwaga samadi, nilidhani ni maharagwe.

Mama alikuwa kitandani. Alikuwa na mimba, na zile nyingine zilizokuja baada yangu zilikuwa zimeharibika. Daktari wa hospitali ya misheni kule Plateau alimwambia alale mpaka mtoto azaliwe. Mama alikuwa mwalimu katika shule yetu, mwanamke wa kusimama siku nzima na kuongea kwa sauti. Sasa alilala akitazama mabati. Dirisha lilikuwa juu, na kutoka kitandani aliona mawingu tu. Siku zilivyokwenda akaacha hata kuniuliza habari za shule.

Jumamosi moja baba alitoka kwenda kununua mbegu za mahindi. Alirudi nazo, na juu yake pakiti ndogo yenye picha ya maua ya rangi ya waridi, ya zambarau na meupe.

"Muuzaji anasema ni maua ya minji," aliniambia. "Yanapanda kwa kamba kama minji ya mboga, lakini hayaliwi. Ukila utaumwa."

"Sasa yana kazi gani?"

"Yananukia."

Tuliloweka mbegu kwenye kikombe, kisha tukazipanda katika zile pakiti za pembe tatu za maziwa ya shule, nilizokuwa nikizikusanya kwa michezo yangu. Mvua za masika zilipokolea tukahamishia miche nje. Baba akasimika fito na kufunga kamba za katani. Jirani yetu, mama mmoja mfugaji aliyetuletea maziwa asubuhi, alisimama kwenye ua akacheka.

"Karani, hii si chakula ya ng'ombe, na si chakula ya watu. Ni ya nini?"

"Ni ya mgonjwa, Mama."

Kicheko kikamwisha. Kesho yake alikuja na maziwa yake, na kwapani mwake fito za ziada.

Maua yalifunguka katika baridi ya Julai. Baba alikata kikonyo cha kwanza kwa kisu cha mkate, akakitia kwenye glasi ya maji, akaingia chumbani. Nilimfuata. Alisimama pale kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkubwa.

"Haya basi," akasema, akaiweka glasi juu ya kiti.

Mama aliinusa, akamtazama. "Mzee, umeniletea maua?"

"Yalikuwa hapo nje tu."

Mama akacheka mpaka akashika tumbo, na baba akashtuka. "Usicheke sana! Daktari alisema nini?" Hilo likamchekesha zaidi.

Tangu siku hiyo kukata kukawa kazi yangu. Nilitoka kabla ya shule, umande ukinilowesha mikono ya sweta, nikakata vikonyo virefu karibu na shina. Baba alikuwa ameambiwa kwamba ukiacha maua yafunge maganda, mmea hauchanui tena, kwa hivyo nilikata bila huruma, na kila asubuhi nikakuta mengine. Mama aliyapanga mwenyewe, shada likiwa juu ya blanketi, akiniambia rangi gani ikae na gani. Tukiwa tunapanga, alianza kuuliza tena: tumefika wapi katika hesabu, nani amechapwa, nani anafundisha darasa lake.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Ilikuwa alasiri, baba ametoka tu kazini na redio inatangaza habari, mara hatukusikia chochote ila kishindo cha bati. Baba alishika magunia akatoka mbio. Mama alipiga kelele kutoka kitandani, "Wewe mzee, rudi ndani! Ni maua tu!" Hakurudi. Alifunika alichoweza, akaingia paji la uso likivuja damu.

Nusu yalivunjika. Tuliyaokota yote, tukayatia kwenye vikombe, jagi, sufuria na mkebe wa mafuta ya kupikia, tukayajaza chumbani. Nyumba nzima ilinukia, hata ugali ukanukia. Mama alimpangusa baba damu kwa kitambaa, wala hakuuachilia mkono wake mpaka chai ikapoa.

Mwishoni mwa mwezi uliofuata uchungu ulimshika. Pikapu ya kubebea maziwa ya yule jirani ndiyo iliyompeleka Plateau. Akarudi na dada yangu, mdogo, mwenye sauti kubwa, mzima.

Nimeishi na kuona wanaume wakiwapa wake zao vitu vya thamani, na sijawahi kumwonea mtu wivu. Baba yangu amekwisha kufariki. Ninamshukuru kwa mengi aliyonilipia na kunifundisha, lakini zaidi namshukuru kwamba niliona jinsi alivyompenda mama yangu, na kwamba alinipa kisu nami nisaidie.

Asubuhi ya kwanza mama aliporuhusiwa kutembea baada ya kujifungua, alitoka nje akiwa amejifunga leso, akaenda polepole mpaka chini ya dirisha. Mimea ilikuwa imekauka. Alikuwa ameyajua maua yale ndani tu, hakuwa ameyaona yakikua. Akagusa kamba, akainua macho kuzifuata hadi juu.

"Kumbe yalifika huku kote," akasema.

Baba, mtoto mikononi, akaitikia kwa kichwa. Mama akaendelea kutembea kando ya ukuta, akazunguka nyumba, akarudi, akazunguka tena, nasi tukisimama tu kumtazama. Nilifika shuleni nimechelewa. Mwalimu aliponiuliza sababu, nilimwambia mama ametoka nje, naye akaniambia niketi.