Starlet ya Mwalimu Adelard

Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Boko, ndani kidogo ya barabara ya Bagamoyo, na kabla sijamwelezea Mwalimu Adelard niseme kwanza jambo moja. Katika miaka kumi na tisa ya kazi hii, hakuna mteja wangu hata mmoja aliyepigwa kwenye bei ya gari. Hakuna. Mtu akija akaniambia, "Mwinshehe, nitafutie gari," basi muuzaji ajiandae. Nikigonga bodi kwa vidole najua palipopondeka pakazibwa na kupakwa rangi. Nikinusa mafuta ya gia najua gari limeteswa au limetunzwa. Na zaidi ya hayo najua kungoja. Matangazo ya magari Dar es Salaam yote yameandikwa "bei maelewano", na maelewano maana yake ni nani atachoka kwanza. Mimi sichoki. Sifa hiyo niliipenda, na watu wa Boko mpaka leo wananipa. Siku hizi wakinipa nataka kuwafukuza.

Mwalimu alikuja mwezi wa tatu. Ni mtu wa Songea, anafundisha fizikia katika sekondari moja ya huku kwetu, umri miaka hamsini na nne, shati limefungwa kifungo hadi cha juu hata jua liwe kali namna gani. Hakuwahi kumiliki gari maishani mwake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye tairi bovu ninalowakalishia wateja.

"Fundi, natafuta gari la kukimbiza uwanjani."

Nikacheka, sikumficha. Mwalimu wa serikali! Lakini nilikuwa najua anachosema. Mbele ya Pugu kuna eneo lililokatiwa barabara za lami kwa ajili ya viwanda, viwanda vyenyewe havikuja, na kila baada ya miezi miwili wapenzi wa magari wanalikodi kwa siku moja, Jumamosi. Siyo mashindano ya kombe. Unakuja na gari lako, unavaa kofia ngumu, unaingia peke yako, unazunguka, wanakupimia saa. Karani yupo, muuza simu yupo, daktari wa meno yupo. Mwalimu alikuwa anakwenda kule miaka sita, anasimama kwenye kamba na saa ya michezo ya shuleni, anapima kila gari kwa raha yake. Madereva walishazoea kumfuata kumwuliza wamekimbia vipi.

"Sasa miaka sita unaangalia tu, leo kimekusibu nini?" nikamwuliza.

"Mie nina presha ya macho. La kushoto limeshakwenda. La kulia daktari anasema limebaki katikati tu, ni kama nachungulia ndani ya bomba. Pengine mwaka, pengine chini ya hapo. Likizima halirudi."

Nikaacha kucheka. Nikamwuliza, kwa ukali maana mimi nikishtuka nakuwa mkali, mtu asiyeona anatafutiwaje gari la mbio.

"Ndiyo maana nataka la kule," akasema. "Barabarani nitaua mtoto wa watu. Kule gari linaingia moja moja, hakuna anayevuka. Nataka mizunguko mitatu, mie mwenyewe nimeshika usukani. Mitatu tu, basi. Halafu liuzwe."

"Si uazime?"

"Nani ataniazima akijua macho yangu? Na nikimficha nitakuwa nimemwibia."

Mke wake, mama Herieth, alikuwa anajua na alikubali kwa sharti moja, kwamba gari lisilale kwake, asije mume wake akajaribiwa nalo asubuhi akaenda nalo shule. Pesa zilikuwepo, akiba yake ya SACCOS, za gari na za kulitengeneza. Kilichobaki ni kuchagua. Nikamwambia, "Mwalimu, umefika. Mwezi wa sita utakuwa unazunguka."

Mtu akitangaza anatafuta gari, Boko nzima inageuka mafundi. Wa kwanza alisema Altezza, kila kijana atakwambia Altezza. Tukaenda kuiona moja Kinondoni, imeng'aa, viti vya ngozi, namba D, za usajili wa karibuni. Watu wetu wananunua gari kwa herufi ya namba kana kwamba injini inajua kusoma. Nikagonga mlango, ukaniitikia kama ndoo iliyojaa mchanga. Ilishapinduka hiyo. Tukaona Subaru kule Tabata, ina nguvu za kutosha, lakini inakunywa oili kuliko petroli na ikiharibika utauza kiwanja. Tukaona Vitz, nyepesi, ila gia zake za kujiendesha, na Mwalimu alitaka kukanyaga kilachi mwenyewe. Kila gari alilokaa ndani hakuuliza injini. Aliangalia mbele, akageuza shingo polepole kulia na kushoto, akasema nguzo za kioo ni nene, zinamlia njia.

Mei tukapelekwa Mbezi Beach kwa Mzee Apolinari, mstaafu wa bandari. Uani kwake kulikuwa na Starlet ya milango miwili, namba B, gia ya mkono, rangi nyeupe imeanza kuwa ya maziwa ya jana. Hakuna kijana wa Dar angeigeukia. Mimi nilizunguka nyuma yake nikatabasamu. Bodi haijaguswa. Uzito wake hata tani haufiki, na gari la uwanjani kwa mtu wa kipato cha Mwalimu linatakiwa liwe hivyo, jepesi, lisile matairi, lisichemshe, na pedi za breki zake upate kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani dakika hiyo hiyo. Mwalimu akaingia, akashika usukani.

"Fundi," akasema, "naona boneti. Naona kona zote mbili za mbele."

Mzee akataja milioni tano. Mwalimu akafungua mdomo, na nilijua kabisa neno linalotoka ni "sawa". Nikamkanyaga mguu.

Wanaonunua magari wanajua maana ya kukanyagwa. Maana yake umeonyesha mapenzi, nyamaza. Mwalimu akanyamaza. Nikatoa kasoro nane za gari, tano kati ya hizo za uongo, nikasema milioni nne na laki mbili.

"Mie siuzi nyanya," akasema Mzee Apolinari. "Niliyosema ndiyo hiyo."

"Basi Mwalimu twende," nikasema, nikamshika mkono tukatoka. Getini nikamnong'oneza, "Atatupigia. Gari namba B, manyua, la gia za mkono, nani mwingine atalitaka? Wiki mbili nyingi."

Hakupiga. Alikuwa mbishi kama mimi, na nakiri nilifurahi kumpata wa saizi yangu. Jumamosi ya mwezi wa sita ikapita. Mwalimu alikwenda kusimama kwenye kamba kama kawaida, na Jumatatu akanipitia akaniambia safari hii namba za saa zilikuwa zinamchanganya, Kokushubila, mama anayesimamia muda, ndiye alimsomea. Alilisema tu kama habari. Nilisikia, nikaendelea kufungua boliti.

Mtu atauliza kwa nini hakwenda mwenyewe Mbezi akalipa milioni tano zake akachukua gari. Nami nilijiuliza baadaye. Lakini Mwalimu ni katika wale wanaoheshimu kazi ya mwenzao. Alishanikabidhi, na ukishamkabidhi mtu kazi humzunguki mgongoni. Nadhani pia ningenuna, na yeye alijua ningenuna.

Mwezi wa nane mwanzoni Mzee akapiga simu. Ameshuka, milioni nne na laki saba. Niliruka pale gereji. Mwalimu alikuwepo, tunakunywa chai kwa Gladness, binti anayetuuzia chapati, hata miaka ishirini na mitatu hajafika.

"Tuchukue, Fundi," akasema Mwalimu. "Bado siku kumi na mbili Jumamosi ifike."

"Mwalimu, huyu ameshaanza kuteleza. Mpe mwezi mmoja tu. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Ya kwako nitayalinda mie," nikamjibu, tukacheka wote. Kisha akainuka kwenda, Gladness akapita mbele yake na sinia, na Mwalimu akainamisha kichwa kwa adabu akasema, "Shikamoo mama."

Binti akapigwa na butwaa, kisha akaangua kicheko. "Marahaba mwanangu! Leo nimekuwa bibi!" Gereji nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mwalimu naye akatabasamu, akaomba radhi, akaondoka akiipapasa nguzo ya mlango kabla ya kupita. Niliiona ile mikono inavyopapasa. Sitasema sikuiona. Niliiona, na jioni ile ile nikampigia Mzee Apolinari kumwambia mteja wangu amepata gari lingine, uongo mtupu, ili aogope.

Mzee akasusa wiki sita. Jumamosi ya pili ikapita.

Mwisho wa mwezi wa tisa alinyoosha mikono. Milioni nne na laki nne. Nilimshusha laki sita, mzee wa bandari, mbishi aliyeshindikana! Nilirudi kutoka Mbezi kwa gari lile dirisha likiwa wazi, mkono nje, naimba. Nikampigia Mwalimu, nikasikia pumzi yake kwenye simu. "Mungu akubariki, Fundi," akasema. "Mungu akubariki sana."

Wiki ile sikushika gari la mtu mwingine. Nikatoa viti vya nyuma, nikabadilisha pedi, shokapu, maji ya rejeta, nikafunga matairi mapya. Jumamosi ya mwezi wa kumi nikampitia kwake alfajiri. Mama Herieth alimtoa hadi barabarani akiwa amemshika kiwiko, akaniambia, "Kaka Mwinshehe, niletee mzima." Aliweka mkono wake juu ya mlango wa gari ili Mwalimu aufuate kuingia. Njia nzima mpaka Pugu alikuwa anaongea, mtu mkimya yule, anaongea kona ya tatu inabana, usikanyage breki ukiwa katikati yake, achia kabla.

Kule wakampokea kwa shangwe. Mwalimu wa saa leo anaendesha! Wakamvalisha kofia ngumu. Mzunguko wa kwanza ni wa kuzoea njia, mtu anaruhusiwa kukaa pembeni, kwa hiyo nilikaa mimi. Akawasha. Akakanyaga kilachi, akaingiza gia ya kwanza laini kuliko madereva wangu wote wa majaribio, na gari likaondoka. Lilikwenda pengine mita kumi na tano. Akakanyaga breki.

"Fundi, koni zinaanzia wapi?"

"Hapo mbele yako, Mwalimu."

"Mbele wapi?"

Zilikuwa koni nyekundu za kuonyesha njia, safu mbili, ya karibu hata ungeipiga teke kutoka kwenye kiti. Mwalimu akasogeza kichwa, akakishusha, akakipandisha, akitafuta lile tundu lake dogo la kuonea. Nikatamani nimpe macho yangu, Mungu ananiona, hata moja. Nilichoweza ni kunyoosha kidole mbele ya kioo, na kidole nacho hakukiona.

"Mwezi wa sita nilikuwa naziona hizi," akasema. "Nilisimama pale kwenye kamba nikazihesabu. Mwezi wa nane sijui, nadhani ningeziona."

Akasema hivyo tu, sauti ya darasani, ya mtu anayepanga ushahidi. Akazima injini. Nikamwambia tujaribu, nitamwongoza kwa mdomo, kulia kidogo, kushoto kidogo. Akatikisa kichwa.

"Pale mwisho wa njia kuna watu, Fundi. Mie siwaoni."

Tukabadilishana viti, na wasimamizi wakaturuhusu kubaki wawili. Nikaendesha mimi ile mizunguko mitatu, fundi nisiyejua kukimbia, na yeye pembeni mikono juu ya magoti ananiambia kwa kusikiliza mlio wa injini, sasa gia ya tatu, sasa achia, sasa kanyaga. Nilikuwa nalia ndani ya ile kofia ya kuazima. Nilishukuru kioo chake kilikuwa cheusi, kisha nikakumbuka kwamba hata kingekuwa cheupe asingeniona.

Tuliposhuka watu walitujia. Kokushubila akataja muda wetu, mbaya, wakacheka kwa upole. Wakaanza kulizunguka gari, kulisifia, kuuliza Mwalimu kalipata wapi, kwa kiasi gani. Naye akafurahi kuulizwa. Akaita, "Mwinshehe yuko wapi?" nami nilikuwa hatua mbili kutoka alipo.

"Nipo, Mwalimu."

"Jamani, huyu ndiye fundi wangu. Mwenye gari alitaka milioni tano, mie nilikuwa tayari kumpa siku ile ile. Huyu akakataa. Miezi minne anapambana na yule mzee, mpaka kamshusha laki sita. Laki sita nzima ameniokolea! Mkitaka gari msiende kwingine."

Nilimwangalia usoni kutafuta kejeli. Hakuwa ananisema. Angekuwa ananisema ningepata nafuu. Wawili waliomba namba yangu ya simu pale pale, nikawatajia. Mwalimu alikuwa amenyoosha mkono anipe asante yake, lakini aliunyoosha upande ambao sikuwepo, ukabaki pale hewani, na watu wakaanza kuutazama. Nikazunguka hadi mkono ulipokuwa, nikaupokea.

"Ahsante sana, Fundi," akasema.

"Karibu, Mwalimu," nikamjibu.