Binti Aliyeingia Tumboni mwa Joka

Kitabu kilinuka dawa ya nondo. Shangazi Syombua, aliyefua nguo kwa familia ya Wahindi mjini Machakos, alikileta kwetu Katangi ndani ya mfuko wa viatu vya mtumba, na mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikakisoma nimelala kifudifudi juu ya magunia ya mbaazi. Kilikuwa kitabu cha pili katika mfululizo wa riwaya za Kiingereza zenye miungu ya Kihindu. Cha kwanza hatukukiona kamwe. Nilichoelewa ni kwamba joka lilikuwa limemeza mito yote, na binti wa mungu wa mvua aliamua kuingia tumboni mwake aifungulie. Mwaka huo mahindi yetu yalikauka kabla hayajafika magotini, kwa hiyo habari hiyo haikunishangaza.

Binti alikuwa ndiyo kwanza amepita kooni wakati Baba alipoona jalada na mungu wake wa mikono minne. Shangazi alicheka. "Mzee wa kanisa na miungu ya Wahindi kwa nyumba moja. Pasta akisikia?" Baba hakucheka. Alisema kitabu kitachomwa, ila hawezi kuhukumu kitu asichokijua, hivyo angekisoma kwanza. Akakifungia kwenye sanduku la bati, akawa anakitoa Jumapili baada ya ibada na kufuata mistari kwa kidole. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, kwa hiyo aliniita nije na kamusi. "Mama," alivyozoea kuniita mimi bintiye, "hii neno ni nini?" Aliuziba ukurasa kwa viganja vyote viwili, akaacha neno moja tu wazi. Ndivyo nilivyojifunza kutumia kamusi, na ndivyo nilivyomfuata yule binti gizani: Jumapili moja neno lilikuwa ubavu, nyingine nyongo, nyingine mwangwi. Niliyaandika nyuma ya daftari la hesabu, nikayapanga na kuyapangua, nikitaka kujua kama alikuwa amekaribia kutoka. Nilianza kukosa usingizi, na Mama akadhani nina minyoo.

Jumapili ya saba au ya nane Baba alikimaliza. Hakukichoma. Alimpa Shangazi akirudishe, akisema si kibaya, ila si cha watoto. Nilimfuata hadi zizini.

"Baba, alitoka?"

Alimaliza kwanza kufunga kamba ya mbuzi. "Alitoka. Sasa enda ulale."

Nikalala.

Siku hizi naishi Syokimau, na binti yangu husoma riwaya nzima nzima kwenye simu. Mwaka jana alinitafutia kile kitabu cha pili, kikapatikana kabla chai haijapoa. Nilisoma kurasa za mwisho mara mbili. Binti hakutoka. Joka linafunga mdomo, na hadithi inakatika hapo, ikingoja kitabu cha tatu. Nilipokwenda Katangi nilimweleza Baba, ambaye sasa haoni vizuri na huketi mlangoni asubuhi akiota jua.

"Baba, yule binti hakutoka."

Hakuuliza binti gani. "Najua," alisema. "Na cha tatu ningekitoa wapi?"