Mawaridi ya Mke wa Kwanza

Mawaridi yale hayakuwa yangu, na nilijua. Yalipandwa na mke wa kwanza wa mume wangu, aliyefariki kabla sijaolewa na kutoka Garsen kuja Hewani. Mama mkwe wangu ndiye aliyeyatunza. Kiangazi aliyatekea maji mtoni kwa mikono yake, hata mahindi yetu yalipokuwa yanakauka. Mimi hakuniruhusu hata kung'oa magugu chini yake.

Mwaka wa pili nilinunua kamera ya mtumba, nikajifunza kwa kuharibu. Waridi jeupe kwenye jua la huku linasumbua. Ukiiacha kamera iamue yenyewe, petali zote huungua, ukabaki na doa jeupe kama chokaa. Lazima uubane mwanga mpaka mbingu yenyewe ianze kuwa nyeusi. Na sikutaka kuyapiga kutoka juu, kama kila mtu ayaonavyo. Nilitaka kutoka chini, pale kikonyo kinapolishika ua.

Asubuhi moja mama mkwe alikwenda mkutano wa akina mama kanisani. Nikalala chali chini ya kichaka, leso yangu kwenye udongo uliolowa. Nilikuwa nimepiga picha nne, zote zimeungua, nilipoiona miguu yake; alikuwa amerudi mapema.

"Unafanya nini hapo?"

"Napiga picha tu, mama."

"Picha! Mume umechukua. Kitanda umechukua. Sufuria za marehemu ndizo unazopikia. Na haya nayo unayataka?"

Ningeweza kuamka nikaomba radhi. Sikuamka. Nilikuwa nimechoka kuitwa "huyo" katika nyumba ninayoifagia kila siku. Nikamwambia, "Aliyeyapanda hayaoni tena. Mimi nayaona."

Alisogea akalikinga jua, makusudi, kivuli chake kikanifunika mimi na waridi nililokuwa nimelilenga. Kumbe ndicho kilichokuwa kinakosekana. Petali zikatulia, mishipa yake myembamba ikajitokeza, hata sisimizi mmoja aliyekuwa akitambaa ndani. Nikabonyeza. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa na ukatili, maana alikuwa amenisaidia bila kutaka.

"Asante, mama," nikasema.

Aliingia jikoni akatoka na panga. Nikajiviringisha pembeni. Alikikata kichaka chote, shina kwa shina, miiba ikimchana mikono hadi damu ikafika viwikoni. Mimi nilisimama nikitazama. Sikumshika mkono.

Mume wangu aliporudi kutoka shambani alikuta matawi yametapakaa uani.

"Nani amefanya hivi?"

"Muulize mkeo," mama yake akasema.

Sikukanusha. Mume wangu akainama kuyaokota matawi, na nilipotaka kumsaidia akaniambia niache.

Picha ninayo, na ni nzuri. Sijapiga nyingine inayoifikia. Hapo nyumbani sijamwonyesha mtu. Mama mkwe hupika kwake, nami kwangu. Tukikutana kwenye njia ya mtoni, mmoja wetu hugeuka akarudi, na mara nyingi si yeye.