Si Miraa, Daktari

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya maabara, hospitalini Meru, mzee mmoja alipoweka dirishani furushi lililofungwa kwa majani ya mgomba, kama miraa ya kutafuna inavyofungwa.

"Mzee, hapa miraa hapana," dada wa maabara akamkemea.

"Si miraa, daktari. Ni choo, mlisema nilete kipimwe saratani ya utumbo. Nimekifunga hivi majirani wasijue, lakini njia yote wameniomba kidogo!"

Tukacheka. Mama mmoja akauliza, "Kwani unaumwa, mzee?"

"Siumwi. Ndiyo maana nimekuja sasa, kabla sijaugua." Akabandua majani yote, akatoa kikopo kilichokuwa ndani, akakisukuma dirishani mbele yetu sote. "Sifichi tena. Wakiniomba, nitawaambia kila mtu alete chake."

Nami niliomba kikopo cha kipimo hichohicho, nikatoka nacho kitupu mkononi, bila kukifunga kwa chochote.