Siku ya Posa Nilikwenda Kutazama Maporomoko

Nimekosa mimi. Sikudanganywa na rafiki, sikurogwa, sikuwa nimelewa. Nawaandikia nyinyi msionijua kwa sababu wanaonijua wameshanichoka. Naandika polepole, niliishia darasa la saba, mnivumilie.

Mimi ni wa upande wa Nyaishozi, Karagwe. Baba alifariki tukiwa wadogo, akamwacha mama, mimi, na mdogo wangu ambaye hapa nitamwita Fidelis. Nilipokua nikavuka mpaka pale Murongo, nikaenda Uganda kufanya kazi kwenye shamba la migomba. Kazi ilinifaa, maana migomba haikusemeshi. Mimi mbele ya watu watatu tu sauti inakwama.

Kuna msichana wa Nyakakika, nitamwita Adventina. Kwake niliweza kuongea bila kutazama chini. Tulikuwa pamoja miaka miwili, tukionana kila niliporudi nyumbani. Baada ya Pasaka moja akanipigia simu kuwa ana mimba yangu. Nikamwambia nitakuja kujitambulisha kwao kabla tumbo halijaonekana.

Akasema, "Usinichezee. Baba akijua kabla hujafika, atanifukuza."

Baba mdogo akapanga kila kitu. Siku ni Jumamosi, watu sita wa ukoo, na vibuyu vya lubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Mama akanitumia shati jipya la mistari ya kijani.

Kwetu mchumba hakai kimya kama mzigo. Anasimama mbele ya wazee wa msichana anajivuga: anataja jina lake, ukoo wake, mnyama ambaye ukoo wake hauli, babu zake mmoja mmoja, na kilichomleta. Kisha msichana anaitwa, anapewa kibuyu kidogo chenye mrija, anampa yule aliyemjia. Akishakunywa, wamekubaliana mbele ya watu.

Baba mdogo alinifundisha kwa simu. "Paza sauti," aliniambia. "Unaongea kama mtu anayeiba kuku." Nikafanya mazoezi shambani, najivuga mbele ya migomba. Watoto wa bosi wakanisikia, wakawa wananiigiza kila nikipita. Nikaanza kuwaona wazee wa Nyakakika wakinicheka hivyo hivyo.

Nilitakiwa kuvuka Ijumaa. Nikawaambia nyumbani nitavuka Jumamosi alfajiri. Jumamosi nikavaa shati, nikafika stendi. Gari la mpakani lilikuwepo, konda anaita abiria. Nikaliacha. Upande wa pili kulikuwa na gari la kwenda milimani, kwenye maporomoko ya maji ambayo watu wa pale huyasifia. Nikazima simu, nikapanda hilo.

Nitasema ukweli wote hata mkinichukia. Nilifurahi. Yale maji yanaanguka kwa kelele kiasi kwamba hakuna anayekutegemea useme neno. Nilikaa juu ya jiwe peke yangu, nikalowa rasharasha, nikala mkate na soda. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile. Saa hiyo hiyo watu sita walikuwa wamekaa kwa watu wakinisubiri, na mimi nilijua.

Palikuwa na mama mmoja anauza gonja, zile ndizi kubwa tamu za kuchoma. Lugha yao na Kinyambo chetu zinaelewana. Akaniambia zamani wasichana waliopata mimba nyumbani kwao kabla ya kuolewa waliletwa pale juu wakasukumwa.

Nikamuuliza, "Na wavulana je?"

"Wavulana hawakuletwa," akasema huku akigeuza gonja. "Labda walikuja baadaye kutazama maji. Nikupe ngapi?"

Nikasema mbili. Nikala. Nikawasha simu ili anipige picha. Ikaita papo hapo, baba mdogo. Nikaikata. Mama wa gonja akanipiga picha nikitabasamu, nikazima tena.

Jumapili nikamwandikia mama ujumbe kuwa nilishikwa malaria, tupange siku nyingine. Akanipigia.

"Usijisumbue, mwanangu. Adventina ameshapata mume."

"Nani?"

"Wa hapa hapa nyumbani."

Yaliyotokea nilisimuliwa na Fidelis mwenyewe, bila kunificha. Walisubiri hadi saa tisa. Wenyeji wakaanza maneno. Mmoja akainua kibuyu, akachungulia ndani, akasema, "Labda mkwe wetu amezama humu." Watu wakacheka. Baba mdogo alijua habari ya mimba, na alijua wakiondoka vile hawatapokelewa tena. Akamgeukia Fidelis, aliyekuja kubeba pombe tu, akamwambia, "Simama."

Fidelis akasimama, akajivuga vizuri. Ukoo ni ule ule, mnyama yule yule, babu wale wale. Wazee wa Nyakakika hawakuwahi kuniona. Kilichobadilika ni jina tu.

Adventina akatolewa ndani. Akatazama wale sita, mmoja baada ya mwingine, akirudia. Baba yake akasema, "Mpe, mbona unachelewa?" Na yeye ana miezi mitatu tumboni. Akampa mdogo wangu.

Nilikwenda nyumbani mwezi uliofuata. Nikamsalimu mama shikamoo, akaitikia akiwa anamenya ndizi, hakuniangalia. Adventina alikuwa jikoni kwetu, amefunga kitenge kama mke. Fidelis akasema tuone picha za Uganda. Kabla sijakataa, simu ilikuwa mkononi mwa Adventina.

"Malaria ilikuwa kali?" akaniuliza huku akipitisha picha.

"Kali sana."

Akasimama kwenye moja. Nikaona mistari ya kijani. Shati lile alilichagua yeye sokoni pamoja na mama, sikuwa nimelivaa siku nyingine yoyote. Akaitazama picha kwa muda mrefu, mimi ninavyotabasamu na maji nyuma. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Karibu chakula, shemeji."

Tangu hapo hajaniita kwa jina.

Mtoto ni wa kiume. Kikao cha ukoo kilisema nisije nikadai lolote, baba yake ni yule aliyesimama. Nikarudi Uganda.

Wewe kijana mwenye aibu kama mimi, uliyepangiwa siku ya kusimama mbele ya watu, nenda. Nenda ukitetemeka, sahau jina la babu yako, wakucheke mpaka wachoke. Watakucheka siku moja tu. Usidhani ukikimbia mahali pako patabaki wazi pakikusubiri. Mtu wa damu yako anaweza kusimama hapo, na kila neno likamtosha.

Mwanangu ameanza kuongea. Juzi mama alimwekea simu sikioni, akafundishwa kunisalimu. Akasema, "Shikamoo, baba mkubwa."

Nikaitikia marahaba.