Simenti Nyingine

Mume wangu alizikwa chini ya mteremko, na mimi mkewe sikufika kaburini. Goti lilikataa. Shemeji aliniwekea kiti juu, kando ya nyumba, akaniletea udongo nikaushika, kisha akaenda kuutupa kaburini kwa niaba yangu. Nilirudi kazini Dubai na aibu hiyo.

Madam niliyempikia, mtaa wa Silicon Oasis, ndiye aliyenipeleka hospitali, wakasema goti libadilishwe. Nikapiga hesabu: nikipasuliwa mwezi ule, ibada ya kumkumbuka marehemu, mwaka mmoja tangu azikwe, itanikuta nikitembea, na udongo nitautupa mwenyewe.

Siku mbili kabla ya upasuaji, muuguzi mmoja wa Unguja aliniuliza kama kuna dawa iliyowahi kunidhuru. Ilikuwepo. Sindano ya jentamisini, zamani nyumbani, ilinivimbisha uso hadi nikashindwa kupumua. Yaya wa nyumba ya madam, mwenzangu wa kazi aliyenisindikiza, akanikanyaga mguu na kuninong'oneza: "Mama, hapa si kanisani uungame. Ukisema, watakuahirisha."

Nilijua hakosei. Hata hivyo nikasema.

Muuguzi akamleta daktari, akawa mkalimani. "Bibi, goti jipya hugandishwa kwenye mfupa kwa simenti yake. Tuliyokuandalia imechanganywa na dawa hiyohiyo. Umefanya la maana kusema."

Simenti isiyo na dawa daktari hakuitaka, kwa kuwa nina kisukari, na usaha ukiingia ndani, goti lote hung'olewa. Akaagiza yenye dawa nyingine. Tungoje wiki sita.

"Haya, umefurahi?" yaya aliniuliza kwenye teksi. Sikufurahi. Nililia hadi nyumbani.

Lakini wiki sita ziliisha, nikapasuliwa, na kidonda kilikauka bila usaha. Mazoezi yaliniuma hadi nikamtukana mkufunzi kwa Kikamba, naye akacheka tu. Yaya yule yule alinishika mkono tukizunguka jengo. "Yalla, twende, Mama, mara moja zaidi! Ulipoungama hukuchoka hivi."

Ibada ya mwaka ilipita bila mimi. Nilifika nyumbani miezi miwili baadaye, na shemeji alikuwa ameshaniwekea kile kiti palepale juu.

"Kikalie wewe, shemeji," nikamwambia.

Mkongojo nikauacha mlangoni. Nikateremka polepole hadi kaburini, nikachota udongo, nikamtupia mume wangu kwa mkono wangu. Nikakaa naye kidogo, nimesimama. Kisha nikaupanda mteremko wote, goti likinibeba, na shemeji kule juu akainuka kwenye kiti.